Namba ya Jarida Haiijui Makala Yako

(Hotuba hii niliitoa mbele ya wahadhiri vijana na wanafunzi wa uzamili wa fizikia. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wenzetu walioshindwa kufika. Picha za kwenye skrini nimeziacha.)

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu mliotangulia, wahadhiri wenzangu, wanafunzi wetu: itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie majarida ya fizikia na jinsi yanavyopimwa. Nimekubali kwa moyo wote, kwa sababu jambo hili linaamua maisha ya watu waliomo humu ndani. Linaamua nani apande cheo, nani apate ufadhili, mwanafunzi gani aambiwe tasnifu yake "haijafika". Na wengi wetu tunaliamua kwa kutazama namba moja tu: impakti fakta.

Kila mwanafunzi anayeniletea rasimu ya makala ananiuliza: "Mwalimu, jarida hili lina impakti fakta ngapi?" Ni nadra kuulizwa: jarida hili linasomwa na nani? Ni nadra zaidi kuulizwa: watu wanaoshughulikia swali langu, wao huchapisha wapi?

Basi nianze na namba yenyewe, maana wengi tunaitaja bila kuwahi kuikokotoa. Chukua mwaka 2024. Hesabu ni mara ngapi, ndani ya mwaka huo mmoja, yale yaliyotolewa na jarida mwaka 2022 na 2023 yalirejelewa, yaani yalitajwa kama marejeo katika makala nyingine. Gawanya kwa idadi ya makala ambazo jarida hilo lilichapisha katika miaka hiyo miwili. Jibu lako ndilo impakti fakta ya 2024. Ni wastani. Ni wastani wa dirisha la miaka miwili. Hakuna kingine ndani yake.

Aliyetuletea kipimo hiki ni Eugene Garfield, mtaalamu wa taarifa za kisayansi wa Philadelphia. Mwaka 1955 aliandika katika jarida la Science akipendekeza ijengwe faharasa inayoonyesha nani kamrejelea nani. Mwaka 1964 faharasa hiyo ikaanza kutolewa, na mwaka 1975 zikaanza ripoti za kila mwaka za majarida. Garfield alitaka kujua majarida gani ayaingize katika faharasa yake, na wakutubi walitaka kujua wanunue yapi kwa bajeti waliyonayo. Kwa kazi hiyo ya maktaba, namba ilifaa. Hakuna mahali ilipotengenezwa ili ikae mbele ya kamati na kumhukumu mhadhiri.

Sasa tuchukue jarida moja liwe mfano wetu mkuu: Physical Review Letters, au PRL kama mnavyoliita wote. Jarida lililolizaa, Physical Review, lilianzishwa Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1893, na tangu 1913 liko chini ya Chama cha Fizikia cha Marekani. PRL lilianza Julai 1958. Mhariri wake alikuwa Samuel Goudsmit, yule ambaye mwaka 1925, pamoja na George Uhlenbeck, alitoa wazo la spini, ile tabia ya elektroni ya kuwa kama inajizungusha. Goudsmit alizichukua barua, yaani ripoti fupi za matokeo mapya, zilizokuwa zikitoka ndani ya jarida kubwa, akazipa jarida lao wenyewe ili zitoke haraka. Ufupi umebaki sheria hadi leo: maneno 3,750, usizidishe.

Na humo ndani mna nini? Mna fizikia yote. Mna kwanta, uvutano na falaki, chembe za msingi, viini vya atomi, atomi na mwanga, vimiminika, plazma, fizikia ya mango (yaani vitu vigumu), maada laini na mifumo ya viumbe hai. Jarida mama lilizidiwa na wingi huu, na mwaka 1970 likagawanywa: A la atomi, B la mango, C la nyuklia, D la chembe za msingi na kosmolojia. E likaja mwaka 1993. PRL lilibaki uwanja wa wote.

Kwa zaidi ya miaka kumi impakti fakta ya PRL imekuwa ikizunguka 8 na 9. Sasa tazameni ndugu yake, Reviews of Modern Physics, la mwaka 1929: namba yake imepita 40. Nawauliza: je, fizikia iliyomo katika jarida hilo ni bora mara tano kuliko ya PRL? Hapana! Hilo huchapisha makala chache, ndefu, za mapitio, na kila anayeandika utangulizi wa tasnifu hurejelea mapitio. PRL huchapisha matokeo mapya, na matokeo mapya mengine huchelewa kueleweka, mengine hupingwa, mengine huwahusu watu ishirini duniani. Namba imepima aina ya uandishi. Ubora wa fizikia haikuugusa.

Hapo ndipo nyanja zinapoingia, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndipo tunapoumizana.

Mwaka 1996 John Perdew, Kieron Burke na Matthias Ernzerhof walichapisha katika PRL makala fupi yenye fomula ya kukadiria sehemu ya nishati ya elektroni ndani ya maada, ile sehemu isiyokokotoleka moja kwa moja. Imerejelewa zaidi ya mara 100,000. Kwa nini? Kwa sababu kila anayekokotoa kwa kompyuta tabia za semikonda, za betri, za kichocheo cha kemia, huenda akaihitaji. Ni kazi bora, hakuna anayebisha. Lakini pia ni kazi iliyopata uwanja mpana wenye watu wengi mno.

Sisi wenyewe tumo katika uwanja huo. Mwaka 2010 ilianza Cape Town shule ya Afrika ya mbinu za kukokotoa muundo wa elektroni, na mwaka 2012 ikafanyika Eldoret, Kenya. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wameingia katika fizikia ya mango kwa mlango huo, na sababu iko wazi: huhitaji maabara ya mabilioni. Unahitaji kompyuta, programu ya bure, umeme usiokatika, na mtu wa kukuelekeza. Makala zao hurejelewa upesi kwa sababu wenzao duniani ni maelfu. Nawapongeza.

Lakini sasa mkae naye mezani mwanafizikia mwingine, anayepima mionzi asilia kwenye udongo na maji kuzunguka mgodi wa fosfeti wa Minjingu, mkoani Manyara. Fosfeti ya Minjingu ina urani, na fosfeti hiyo hiyo hutengenezwa mbolea inayomwagwa mashambani. Mtu huyu anabeba sampuli, anazikausha, anazichekecha, anazifungia kwenye vyombo kwa wiki kadhaa ili radoni, gesi itokanayo na urani, na vizazi vyake vifikie ulinganifu wa viwango, kisha anaziweka kwenye kigunduzi cha miale ya gama na kusubiri saa nyingi kwa kila sampuli moja. Wanaofanya kazi ya namna yake duniani ni wachache, na wanaoihitaji Minjingu yenyewe ni wachache zaidi. Atarejelewa mara ngapi ndani ya miaka miwili? Mara mbili? Mara tano? Na nani anayethubutu kusema swali lake ni dogo? Anayemwaga mbolea hiyo shambani atasema ni dogo? Mama anayechota maji jirani na mgodi atasema ni dogo?

Ukiwaweka hawa wawili kwenye jedwali moja na kuwalinganisha kwa namba moja, umelinganisha ukubwa wa nyanja zao. Hujawalinganisha wao. Namba hiyo haiijui makala yako.

Na hata ndani ya jarida moja, wastani hauwakilishi watu waliomo. Mwanafizikia Sidney Redner alichapisha mwaka 2005 uchambuzi wa miaka 110 ya familia ya Physical Review: makala zaidi ya 350,000, na marejeo kama milioni 3.1 kutoka makala moja ya familia hiyo kwenda nyingine. Alikuta nini? Takribani theluthi mbili ya makala zilirejelewa chini ya mara kumi. Na zilizopita mara elfu moja hazikufika hata ishirini. Theluthi mbili! Hizo ni makala zilizopita kwa wahakiki wakali, katika majarida tunayoyaheshimu. Wachache sana hubeba wastani, wengi huishi chini yake.

Mkitaka kuona wachache wanavyoubeba wastani, nawaletea kisa cha jirani zetu wa elimu ya fuwele. Jarida la Acta Crystallographica, sehemu A, mwaka 2008 lilikuwa na impakti fakta ya 2.051. Mwaka 2009 ikawa 49.926. Likayapita Nature na Science! Nini kilitokea? Wahariri walibadilika? Wahakiki waliongezeka ukali? La. George Sheldrick wa Göttingen, aliyetengeneza programu iitwayo SHELX ya kupata muundo wa fuwele kutokana na miale ya X, aliandika mwaka 2008 historia fupi ya programu hiyo, na akaomba wanaoitumia wairejelee makala hiyo. Watumiaji wake wako kila maabara ya fuwele duniani, nao wakafanya alivyoomba. Maelfu kwa maelfu. Mwaka 2010 namba ikafika 54.333. Kisha dirisha la miaka miwili likapita, makala ya 2008 ikatoka kwenye hesabu, na mwaka 2011 jarida likarudi 2.076.

Fikirini mtu aliyechapisha humo mwaka 2009 makala yake ya kawaida. Angejaza fomu ya kupanda cheo akaandika: jarida langu lina impakti fakta ya 49.926. Asingekuwa amesema uongo. Mwenzake wa 2011, pengine mwenye kazi nzuri kuliko yake, angeandika 2.076. Kamati ingempa nani?

Watu wa chembe za msingi wanalijua hili pia. Mapitio makubwa ya takwimu za chembe, yanayotolewa kila baada ya miaka miwili, hayakai jarida moja. Yamewahi kutoka Physical Review D, yamewahi kutoka jarida la China, yamewahi kutoka jarida la Japani. Kila yanakotua, namba ya mwenyeji hunyanyuka.

Waswahili tunasema nyota njema huonekana asubuhi. Kwa makala za fizikia, mara nyingi haionekani asubuhi. Wakati mwingine haionekani hata adhuhuri.

Novemba 1967 Steven Weinberg alichapisha katika PRL makala isiyozidi kurasa tatu. Ndani yake aliunganisha nguvu ya sumakuumeme na nguvu hafifu ya nyuklia. Mwaka 1979 mwanafizikia Sidney Coleman aliandika katika Science ni mara ngapi makala hiyo ilikuwa imerejelewa. Mwaka 1967, sifuri. Mwaka 1968, sifuri. Mwaka 1969, sifuri. Mwaka 1970, mara moja. Mwaka 1971, mara 4. Halafu mwaka 1972, mara 64, na mwaka 1973, mara 162. Katikati hapo alitokea kijana Mholanzi, Gerard 't Hooft, ambaye mwaka 1971 alionyesha kwamba nadharia za aina hiyo zinakokotoleka bila kuishia kwenye majibu yasiyo na kikomo. Kisha mwaka 1973 jaribio la CERN, maabara ya Ulaya ya chembe za msingi, likaona mikondo isiyo na chaji ambayo nadharia iliitabiri. Mwaka 1979 Weinberg akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Sheldon Glashow na Abdus Salam, huyu Salam wa Pakistani aliyeanzisha kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, mwaka 1964, ambako walimu wangapi wetu wamepita!

Sasa pigeni hesabu wenyewe. Makala ya 1967 huingia kwenye impakti fakta kwa marejeo ya 1968 na 1969. Moja ya makala kubwa kabisa katika historia ya PRL ingelichangia jarida hilo sifuri. Kwa kipimo tunachokitumia, ingekuwa afadhali wahariri waikatae.

Ndugu zangu, kuna kisa kimoja zaidi, na hiki ni chetu.

Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, huko Tanga, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Kwa kawaida walichemsha maziwa, wakachanganya na sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka kwenye friza. Nafasi ya friza ilikuwa ndogo na ya kugombania. Mwanafunzi mmoja, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaweka maziwa yake bila kuyachemsha. Mwanafunzi mwingine, Erasto Mpemba, akaona akisubiri yake yapoe atakosa, akayaingiza yakiwa moto. Baada ya saa moja na nusu wakafungua. Ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Akamuuliza mwalimu wake, akaambiwa amechanganyikiwa. Akakutana na rafiki muuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia kwamba huweka mchanganyiko wa moto kwa sababu huganda upesi. Alipokwenda shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo kila alipokosea, darasa likamkumbusha "fizikia ya Mpemba". Hakuacha. Alipokuja Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi, Mpemba akasimama akauliza: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, ujazo sawa, vyombo vinavyofanana, friji moja, ya nyuzi 100 yanatangulia kuganda, kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne akaahidi atajaribu. Fundi wake wa maabara akajaribu, akaripoti kwamba ya moto yametangulia kweli, lakini wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha. Wapi? Si PRL. Walichapisha katika Physics Education, jarida la Uingereza la walimu wa fizikia. Lilikuwa chaguo sahihi kabisa, kwa sababu kisa kilikuwa cha mwanafunzi aliyeuliza na walimu waliopaswa kusikiliza. Wakati huo Mpemba alikuwa akisoma chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi. Hakuwa mwanafizikia wa kuajiriwa, na hakuja kuwa.

Iangalieni sasa safari ya makala hiyo. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya na kusema kwamba kwa maji, athari hiyo ya chenye moto kutangulia kuganda, ambayo sasa huitwa athari ya Mpemba, haina ushahidi wa kutosha. Ubishi huo ni halali na haujaisha. Lakini mwaka 2017 wanafizikia wa Hispania wakaonyesha katika PRL kwamba athari ya Mpemba hutokea katika mifumo ya punje zinazogongana. Mwaka 2020, katika Nature, Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada wakaionyesha kwa ushanga mdogo wa kioo ndani ya maji, ukisukumwa kwa leza. Mwaka 2024 PRL likachapisha majaribio ya athari ya Mpemba ya kwanta, kwa ioni, yaani atomi zenye chaji, zilizonaswa. Jina la kijana wa Magamba limetoka kwenye aiskrimu, likaingia fizikia ya takwimu, likaingia kwanta. Limepita nyanja baada ya nyanja, zaidi ya nusu karne. Dirisha la miaka miwili lingeona nini hapo?

Basi mtaniuliza: tufanye nini?

Kwenu mnaokaa kwenye kamati za kupandisha vyeo: isomeni kazi. Hata makala tatu tu, alizozichagua mwombaji mwenyewe, pamoja na maelezo yake ya ukurasa mmoja kuhusu kipi kilikuwa hakijulikani na yeye amekijua vipi. Mkikosa mtu wa nyanja hiyo, andikeni barua Kampala, Nairobi, Kigali, Butare, mtampata. Desemba 2012 wahariri na wachapishaji walikutana San Francisco, na tamko lililotoka mwaka uliofuata linasema waziwazi kwamba impakti fakta ya jarida isitumike kumpima mtafiti mmoja mmoja. Tukilifuata hatutakuwa tumevunja kanuni yoyote ya sayansi.

Kwenu wanafunzi: ukitaka kujua upeleke wapi makala yako, fungua orodha yako ya marejeo. Majarida yanayojirudia humo ndiko waliko wasomaji wako. Ikiwa ni PRL, jaribu PRL bila woga, ukikataliwa soma maoni ya wahakiki mara mbili na usonge mbele. Ikiwa ni Tanzania Journal of Science, peleka huko kwa kichwa juu. Mtu wa Minjingu atasomwa huko na wale wanaoweza kuchukua hatua. Na rasimu yako iweke arXiv, hazina ya wazi ya tangu 1991, ili mwenzako asiye na maktaba ya kulipia aione.

Kuna jambo moja linanitia uchungu. Mnapokea barua pepe zinazosema: tuma makala leo, itachapishwa wiki hii, jarida letu lina impakti fakta ya juu. Nyingine hutaja namba zilizobuniwa na kampuni zisizojulikana, kisha huomba dola. Kijana anauza simu yake kulipa. Kabla hujatoa hata senti, soma makala tano za jarida hilo. Ukiona hazina maana, au hazihusiani na fizikia, umeshajua. Mlete na rafiki yako aone. Ukiwa na shaka, mlango wangu uko wazi, na walimu wengine waliokaa hapa mbele nao wananitikisia kichwa.

Kwa hayo, Mwenyekiti, nakushukuru. Nimeambiwa tuna muda wa maswali. Naomba tuanze na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uzamili, walioko nyuma kule.